Wanawake wa Ziwa Wakati wa Vita



Vitabu vya vita hutaja majenerali, bunduki na miji iliyotekwa. Mara chache hutaja chakula. Lakini askari hula kila siku. Mpagazi hula kila siku. Watoto waliobaki nyumbani nao hula kila siku. Chakula hicho kililimwa na nani?

Katika sura hii tutaeleza kazi ya wanawake wanaoishi kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Mwanza, katika vita viwili. Vita vya kwanza ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918. Vita vya pili ni Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979.

HADITHI NA HISTORIA

Tutatumia watu wawili wa kubuni. Kubuni ni kutunga kwa akili. Mtu wa kwanza ni mama mmoja wa kijiji cha wilaya ya Magu, karibu na ziwa. Mtu wa pili ni bibi wa mume wake. Watu hawa hawakuwapo. Lakini vita vilikuwapo, na mambo yatakayowapata yaliwapata wanawake wengi.

Je, mtunzi ana haki ya kufanya hivyo? Ndiyo, kama anaheshimu ukweli wa mambo. Katika kisiwa cha Ukerewe alikuwapo mzee Aniceti Kitereza. Alitunga hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na mke wake Bibi Bugonoka. Aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Kwa Kiswahili ilichapishwa mwaka 1980, na yeye alifariki mwaka 1981. Myombekere na Bugonoka ni watu wa kubuni. Lakini namna wanavyolima, wanavyopika pombe na wanavyotibiwa ni mambo ya kweli ya Ukerewe ya zamani. Nasi tutafuata njia hiyo. Watu tutawabuni. Miaka, mahali na kazi hatutabuni.

Tuanze na bibi.

MWAKA 1916

Bibi wa hadithi yetu alizaliwa mwaka 1902 hivi. Wakati huo nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani. Vita vilipoanza, Agosti 1914, bibi alikuwa msichana mdogo. Wajerumani walikuwa na boma Mwanza mjini. Waingereza walikuwa upande wa Kenya na Uganda. Kati yao lilikuwapo ziwa, na juu ya ziwa zilitembea meli zenye mizinga.

Jeshi la Wajerumani lilihitaji nafaka. Mchele wa Ukerewe ulikuwa chakula chao muhimu. Ndiyo maana Waingereza walianza kwa kuteka Ukerewe, mwezi Juni 1916. Tarehe 14 Julai 1916 wakaiteka Mwanza. Wajerumani walikimbilia kusini, kuelekea Tabora.

Kwa msichana wa kijijini, jambo hilo lilionekana hivi. Kwanza walikuja watu wa boma kuchukua mtama. Kisha wakaja kuchukua wanaume wa kubeba mizigo. Baadaye bendera ikabadilika. Halafu wakaja watu wa boma jipya. Nao walitaka mtama na wanaume.

HESABU YA MZIGO

Kwa nini jeshi lilitaka wanaume wengi hivyo? Hebu tufanye hesabu.

Wakati ule reli ya Mwanza haikuwapo. Ilifika mwaka 1928. Magari yalikuwa machache sana. Ng'ombe, farasi na punda walikufa njiani kwa sababu ya mbung'o. Kwa hiyo mizigo ilibebwa kichwani.

Mpagazi mmoja alibeba kilo 25 hivi. Naye anahitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku. Tuseme amebeba unga. Anatembea siku 12 kwenda na siku 12 kurudi. Siku zote ni 24. Akila kilo moja kila siku, atakula kilo 24. Ametoka na kilo 25. Basi askari aliye mbele atapata kilo moja tu.

Hesabu hii inaeleza mambo mawili. Kwanza, jeshi lilihitaji wapagazi wengi mno. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki, Waingereza peke yao walitumia wapagazi karibu milioni moja. Inakadiriwa kwamba karibu 100,000 kati yao walikufa. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi.

Pili, kila mpagazi alikuwa mdomo wa kulishwa, na wakati huohuo mikono yake ilikuwa imeondoka shambani. Nafaka iliyotakiwa iliongezeka. Wakulima walipungua. Waliobaki ni wanawake, wazee na watoto.

CHAKULA KISICHOCHUKULIWA KWA SIKU MOJA

Turudi kwa bibi. Baba yake alichukuliwa kuwa mpagazi. Mama yake alibaki na watoto wanne. Mama huyo alifanya nini?

Alijua kwamba mtama ulioko ghalani huchukuliwa kwa siku moja. Watu wa boma wanakuja, wanajaza magunia, wanaondoka. Mihogo iliyoko ardhini ni jambo jingine. Lazima ichimbwe, tena jembe kwa jembe. Askari mwenye haraka hana nafasi hiyo. Kwa hiyo mama alipanda mihogo na viazi vitamu kwa wingi.

Viazi haviwezi kukaa ardhini mwaka mzima. Huoza, au huliwa na fukusi. Wanawake wa Usukuma walikuwa na dawa ya jambo hilo. Viazi vibichi humenywa, hukatwa vipande vyembamba, huanikwa juani juu ya mawe. Hivyo huitwa michembe. Au viazi huchemshwa kwanza, kisha hukatwa na kuanikwa. Hayo ni matobolwa. Vyote viwili hukaa miezi mingi. Ni vyepesi, na mtoto anaweza kubeba chakula cha siku kadhaa katika kikapu kidogo. Majani ya kunde nayo hukaushwa kuwa nsansa, mboga ya kiangazi. Ukiwa na michembe, nsansa na samaki wakavu wa ziwani, unaweza kuvuka miezi ya njaa.

Haya si mambo ya vita peke yake. Wanawake waliyafanya tangu zamani kwa sababu ya ukame. Vita vilipokuja, ujuzi ulikuwapo tayari. Wataalamu wa lishe wa siku hizi huyasifu sana mambo haya, kana kwamba yamevumbuliwa jana.

Baba wa bibi hakurudi. Habari za kifo chake zilikuja kwa mdomo, na kila mleta habari alitaja mahali tofauti. Hilo nalo liliwapata wengi. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Majina yao yalikuwa yameandikwa vibaya, au hayakuandikwa kabisa. Mjane asiyejua kusoma angekwenda kudai wapi, na kwa karatasi gani?

Vita vilikwisha Novemba 1918. Na katika miezi hiyohiyo ukaja ugonjwa wa homa kali ya mafua, ulioua watu dunia nzima na nchini kwetu pia. Waliozika ni walewale waliolima.

OKTOBA 1978

Sasa tupite miaka 60. Bibi ni mzee wa miaka 76. Anaishi na mjukuu wake, mke wa mjukuu na watoto wao watano. Kwa utani bibi humwita mjukuu "mume wangu". Mke wa mjukuu humwita "mke mwenzangu". Huyo ndiye mama wa Magu tuliyemtaja.

Uganda ilitawaliwa na Idi Amin, aliyeipindua serikali tarehe 25 Januari 1971. Mwezi Oktoba 1978 ndege zake zilitupa mabomu Bukoba. Tarehe 30 Oktoba majeshi yake yaliingia nchini kwetu na kuteka eneo lililo kati ya mpaka na mto Kagera. Eneo hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba 1,800 hivi. Tarehe 3 Novemba walivunja daraja la Kyaka.

Watu wa huko waliteseka sana. Inakadiriwa kwamba raia 1,500 waliuawa. Nyumba zilichomwa. Maelfu ya ng'ombe yaliswagwa hadi Uganda. Wanawake walinajisiwa, na wengine walichukuliwa kwa nguvu kuvuka mpaka. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia kusini ya mto. Mama aliyekimbia alibeba mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Aliacha migomba yenye mikungu na kahawa mitini. Huko alikokwenda hakuwa na shamba. Ilimbidi alime kibarua katika shamba la mtu mwingine ili watoto wale.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Alisema kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Watu walisikiliza Redio Tanzania. Jeshi letu lilikuwa na askari 40,000 hivi. Liliongezwa mgambo, polisi, askari magereza na vijana wa JKT, hata likapita watu 100,000. Mwanza ikawa mlango wa vita. Reli iliishia hapo. Kutoka hapo watu na mizigo walikwenda Bukoba kwa meli au kwa barabara.

Mjukuu wa bibi alikuwa mgambo. Mjumbe wa nyumba kumi alimletea habari jioni. Asubuhi aliondoka kwa lori.

MVUA HAZIKUNGOJA

Tazama tarehe hizo tena. Vita vilianza mwisho wa Oktoba. Katika Usukuma huo ndio wakati wa mvua za kwanza. Pamba hupandwa Novemba na Desemba. Kupalilia huendelea hadi miezi ya Februari na Machi. Kuchuma huanza Mei na Juni. Jeshi letu liliingia Uganda Januari 1979, likaiteka Kampala tarehe 11 Aprili, likafika mpaka wa Sudan tarehe 3 Juni. Kwa hiyo vita vilichukua msimu mzima wa kilimo, tangu kupanda hadi kuchuma.

Kwa siku mbili mama wa Magu alikaa mlangoni akitazama barabara.

"Mke mwenzangu," bibi alimwambia, "unamtazama nani?"

"Bibi, nasikiliza kama kuna gari."

"Mume wetu hatarudi kesho. Mwaka wa Wajerumani mama yangu alitazama njia mwezi mzima. Mvua ikapita. Inuka, mwanangu. Plau iko wapi?"

Mama hakuwahi kushika plau. Kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Mtoto wake wa kiume wa miaka 12 aliongoza ng'ombe mbele, yeye akashika mikono ya plau nyuma. Mistari ya kwanza ilipinda kama nyoka. Majirani walicheka kidogo. Lakini wao wenyewe walikuwa na wanaume waliokwenda vitani, na baada ya wiki moja walikuja kumwuliza namna ya kuishika.

Walipatana wanawake sita. Leo wanalima kwa huyu, kesho kwa yule. Kulima kwa zamu ni desturi ya zamani ya Wasukuma, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufundishwa. Ugumu ulikuwa katika kuchagua shamba la kwanza. Anayelimiwa mwanzo huwahi mvua, na wa mwisho huchelewa. Waliamua kuanza na mwanamke mwenye mimba. Mmoja wao alinung'unika, akaacha kuja. Mambo kama hayo hutokea hata wakati wa amani.

Ekari za pamba walizipunguza. Mahindi, mtama na viazi waliviongeza. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu malori mengi yalichukuliwa kwenda vitani. Bidhaa zikachelewa kufika madukani. Kaya isiyo na chakula chake ingepata shida.

Vita viliikaribia Mwanza hata kwa ndege. Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitaka kulipua matangi ya mafuta mjini. Ilikosa shabaha. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama waliofugwa huko. Kisiwa hicho leo ni hifadhi ya taifa.

BARUA

Kuna jambo moja ambalo mama wa mwaka 1916 hakuwa nalo.

Mwaka 1968 ulianza Mwanza mradi wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO. Watu wazima wa mikoa ya ziwa walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, migomba, uvuvi na mambo ya nyumbani. Kisomo kikaenea nchi nzima. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, 67 hivi hawakujua kusoma. Mwaka 1977 walibaki 27 hivi. Wanawake wengi sana walihudhuria madarasa hayo, tena baada ya kazi za kutwa.

Mama wa Magu alisoma chini ya mwembe kwa miaka miwili. Barua ya kwanza ya mume wake ilipofika, hakuipeleka kwa mwalimu wala kwa kijana wa jirani. Aliifungua mwenyewe. Alisoma polepole, kidole juu ya neno. Mume aliandika kwamba ni mzima, na kwamba fahali mweusi asiuzwe. Aliandika pia maneno mengine, ambayo mke hakuyasoma kwa sauti. Bibi aliona, akacheka.

"Hayo ya chini umeyaruka," bibi alisema. "Mbona mimi pia ni mke?"

Alijibu kwa ukurasa mmoja. Alitaja shamba, watoto na afya ya bibi. Fahali mweusi alikuwa ameuzwa tayari, wakati mtoto mdogo alipougua. Alifikiri usiku mzima, kisha akaandika hilo pia.

KWENYE MIZANI

Mwezi Juni pamba ilikuwa tayari. Mama na watoto walichuma, kisha wakachambua. Pamba nyeupe iliwekwa upande mmoja. Hiyo ni pamba safi. Yenye madoa na takataka iliwekwa upande mwingine. Hiyo ni pamba fifi, na bei yake ni ndogo.

Kwenye kituo cha kununulia pamba, kwa miaka mingi, mwanamke alichuma na kubeba, lakini aliyepokea fedha ni mume. Jina la mwenye kaya ndilo lililoandikwa. Mwaka huo, katika kaya nyingi, mume alikuwa mbali. Mama wa Magu alisimama mbele ya mizani akasoma namba mwenyewe. Karani alitaja kilo 46. Mshale ulionyesha 49.

"Ndugu karani, tazama tena," alisema.

Karani alitazama tena. Akaandika 49. Kisha akamsogezea kidau cha wino ili aweke dole gumba. Mama aliomba kalamu.

BAADA YA USHINDI

Vita vilikwisha kwa ushindi. Tanzania ilipoteza askari 373. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina jipya, Kagera. Lakini vita vilikula fedha nyingi sana za taifa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Bei ya mafuta ya petroli duniani ilipanda mwaka 1979. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ilipita, na shida iliendelea hadi katikati ya miaka ya 1980.

Shida hiyo ilimkuta mwanamke jikoni na kisimani. Sabuni ilikosekana, akafulia majani ya mpapai. Sukari ilikosekana, uji ukanywewa kwa maziwa au viazi. Mafuta ya taa yalikosekana, watoto wakalala mapema. Unga wa mahindi ya njano ulitoka ng'ambo, na watu wakauita "Yanga", kwa kuwa klabu hiyo huvaa njano. Foleni ilianza alfajiri. Ajabu ni khanga. Pamba ilitoka katika mashamba ya wanawake hao, na kiwanda cha nguo cha Mwatex kilikuwa Mwanza mjini. Hata hivyo mama aliweza kukaa na khanga moja, akaifua usiku ili aivae asubuhi.

Mume wa mama wa Magu alirudi. Alikuta watoto wazima, bibi mzima, na mistari ya shamba imenyooka. Fahali mweusi hakumwuliza tena. Msimu uliofuata yeye mwenyewe alishika plau.

Kwenye kituo cha pamba walikwenda pamoja. Karani akauliza, "Niandike jina la nani?"

Hapo tunaiacha hadithi. Darasa na lizungumze: waliandika jina la nani? Wanaume na wanawake wapewe nafasi sawa ya kusema, na anayesema atoe sababu.

WAULIZENI

Wanawake walioishi miaka ya 1914 hadi 1918 hawapo tena. Mwanamke aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 anakaribia miaka 70, au ameipita. Wengi wapo vijijini mwetu. Kila mwanafunzi achague bibi mmoja. Ampelekee salamu kwanza, na zawadi ndogo kama anayo. Amwombe ruhusa ya kuandika. Kama bibi hataki kusema jambo fulani, asilazimishwe. Kuna mambo ya vita ambayo watu hawapendi kuyarudia.

Andika jina lake kamili, kijiji chake na mwaka. Andika maneno yake kama anavyoyasema. Usiyatengeneze. Akitumia neno la Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya, liandike vilevile, kisha mwulize maana yake.

Usianze kwa kumwuliza habari za vita. Mwulize: mwaka ule ulifulia nini? Mlikula nini mwezi wa Februari? Nani alishika plau?